Shajara ya mradi: rekodi za babu, whisper.cpp, na kompaila iliyojaa faili tupu

Jumamosi 8 Machi 2025: naanza, umeme unakata

Mradi wenyewe mdogo tu. Nina rekodi 41 za babu kwenye simu, nilizichukua Disemba nilipoenda Muheza, anaongea habari za mashamba ya mkonge alikofanya kazi ujanani, manamba walivyokuwa wanaletwa, nani alikuwa nyapara, mishahara, mpaka nyimbo za kazini. Jumla kama masaa tisa hivi. Nikisema nikae nisikilize na kuandika kwa mkono ntamaliza Idi ya mwaka kesho, kwa hiyo nataka whisper.cpp inisikilizie iandike halafu mi nisahihishe tu. Kwa asiyeijua: Whisper ni modeli ya kusikiliza sauti waliyoitoa OpenAI mwaka 2022, na whisper.cpp ni ileile kazi Georgi Gerganov ameiandika upya kwa C na C++ ili ikimbie kwenye prosesa ya kawaida bila kadi ya grafiki. Kiswahili kimo.

Mashine ni laptopu ya mtumba, i5 ya kizazi cha nne, ramu GB 4, hadidiski ya zamani ile ya kuzunguka, Debian 12 (aina ya Linux). Betri ilishakufa siku nyingi, ukichomoa chaja inazima hapohapo. Hilo la betri lishike, tutalirudia.

Kwanza inatakiwa kompaila, programu inayogeuza kodi (maandishi ya programu) iwe programu inayokimbia. Kwenye Debian vitu hivi unavishusha kwa apt. Baada ya futari nikaweka bando la 3,000 nikapiga:

`sudo apt install build-essential cmake git`

Imefika kwenye "Unpacking gcc-12" umeme ukakata. Mvua zenyewe ndo hizi za masika, sikushangaa hata. Umerudi saa tano usiku, nikawasha, apt ikanigomea (dpkg inayotajwa hapa ndo anayeinstoli kwa niaba ya apt):

`E: dpkg was interrupted, you must manually run 'sudo dpkg --configure -a' to correct the problem.`

Nikafanya kama ilivyosema. Mistari ikatiririka, katikati kukawa na miwili mitatu ya ldconfig (anayesajili maktaba za mfumo) inalalamika kitu, sikuisoma, nilikuwa na usingizi. Nikarudia apt install, ikamalizia kilichobaki. `gcc --version` ikajibu vizuri tu, 12.2.0. Nikalala najua kazi imeisha.

Jumapili 9 Machi: cmake inagoma

Nimevuta kodi ya whisper.cpp kwa git, nikapiga `cmake -B build` (cmake ndo anayeandaa ujenzi na kumuita kompaila), ikanijibu hivi:

`-- The C compiler identification is unknown`

halafu chini yake, kwa rangi nyekundu:

`The C compiler "/usr/bin/cc" is not able to compile a simple test program.`

Sasa hapa ndo nilipopotea siku nzima. Akili yangu ilikwenda moja kwa moja kwamba kodi niliyovuta ina shida, labda wamebadilisha kitu juzi, labda haikushuka yote. Nikafuta folda nzima nikavuta tena, na sikuweka `--depth 1` kwa hiyo ikaja na historia yake yote toka siku ya kwanza, bando likaliwa. Kosa lilelile. Nikarudi kwenye toleo la nyuma, kosa lilelile. Nikasoma CMakeLists.txt mstari kwa mstari kama mtu anayejua anachotafuta.

Leo nikiangalia naona jibu lilikuwa kwenye mstari wa kwanza kabisa. "Unknown" maana yake cmake imempa kompaila kifaili chake kidogo cha kumtambulia, na kompaila kashindwa hata hicho. Hapo whisper.cpp haijaguswa hata herufi moja. Ukiona "unknown" hapo acha kodi ya watu, haina kosa.

Jumanne 11 Machi: ujanja wa clang, haukusaidia

Nikasema kama gcc ina nongwa si nitumie clang, kompaila nyingine. Bando jingine la 3,000, maana clang na maktaba zake za LLVM ni mzigo mkubwa, kwa mtandao wa hapa Korogwe ilishuka toka saa mbili usiku mpaka karibu na daku.

`rm -rf build; CC=clang CXX=clang++ cmake -B build`

Safari hii kidogo ikaenda mbele, ikasema imemtambua Clang 14.0.6, nikashangilia mapema. Sekunde mbili baadae:

`/usr/bin/ld: /lib/x86_64-linux-gnu/crt1.o: file not recognized: file truncated`

Nikatafsiri nilivyotaka mimi, kwamba clang haipatani na hizi faili za gcc. Nikafunga mashine kwa hasira.

Kumbe ule ulikuwa ushahidi mzuri kuliko wote niliopata wiki nzima na nikautupa. Clang kwenye Debian haijitegemei, heda za C (faili ambazo kodi inazivuta kwa `#include`), faili za kuanzishia programu kama crt1.o, libgcc, na linka yenyewe (anayeunganisha vipande viwe programu) inakopa vilevile anavyotumia gcc. Sasa kama kompaila mbili tofauti zinakwama, basi ubovu uko kwenye kile wanachochangia. "Truncated" maana yake faili imekatika. Ilikuwa inanieleza wazi na mi naipinga.

Alhamisi 13 Machi: t.c

Nimemtumia kaka mmoja tuliyesoma wote picha ya skrini, akanirudishia sauti ya sekunde kumi na tano: "Dogo, achana na cmake, cmake mjumbe tu na mjumbe hauawi. Andika faili ya mistari mitatu, mpe gcc mwenyewe, uone anasemaje."

Nikaandika t.c, main yenye puts moja ndani, nikapiga `gcc t.c -o t`:

`gcc: fatal error: cannot execute '/usr/lib/gcc/x86_64-linux-gnu/12/cc1': execv: Exec format error`

Ukitafuta hiyo "Exec format error" wengi watakwambia umeweka programu ya prosesa nyingine, labda ya ARM kwenye mashine ya Intel. Nikaliamini hilo kwa nusu saa. `uname -m` inasema x86_64, `dpkg --print-architecture` inasema amd64, vyote sawa. Ndo nikapata wazo la kuiangalia hiyo faili kwa macho:

`ls -l /usr/lib/gcc/x86_64-linux-gnu/12/cc1`

`-rwxr-xr-x 1 root root 0 ...`

Sifuri. Jina lipo, ruhusa zipo, mwenyewe ni root, na ndani hamna kitu, hata baiti moja. Nilikaa naitazama hiyo sifuri.

Sasa kwa nini `gcc --version` ilikuwa inajibu vizuri? Kwa sababu gcc unayoiita sio kompaila hasa. Babu kwenye rekodi ya sita anasema nyapara hakati mkonge, nyapara anahesabu na kutuma watu. gcc ndo nyapara. Anamtuma cc1 ageuze C iwe asembli, lugha ya karibu na ya mashine (ikiwa C++ anatumwa cc1plus), anamtuma `as` ageuze asembli iwe faili ya .o, kisha collect2 na `ld` waunganishe zile .o pamoja na crt1.o na maktaba iwe programu. Ukimuuliza nyapara jina lake na umri wake atakujibu bila wasiwasi hata kama kambi nzima wamelala. `--version` ni kumuuliza nyapara jina. Hakipimi kitu.

Kwa hiyo kipimo changu sasa hivi ni hiki, hatua moja moja, na nimekiweka kwenye skripti:

`gcc -S t.c` (cc1 yuko kazini?)
`gcc -c t.c` (as yuko?)
`gcc t.o -o t` (ld na crt1.o?)
`./t`

Kisha hivyohivyo kwa g++ na faili ya .cpp yenye `#include <vector>`. Dakika moja haiishi unajua ni hatua ipi imekufa.

Bado sikuwa nimemaliza kukosea lakini. Nikapiga `sudo apt install --reinstall build-essential`. Ikashuka, ikasema imeinstoli upya, kosa likabaki palepale. Nikaangalia ukubwa wa ilichodaunlodi: KB 8 hivi. Jamani kompaila ya KB 8! build-essential ni bahasha tupu, kazi yake ni kutaja wengine tu, ukiinstoli upya unapata bahasha mpya na wengine hawaguswi. Na pakeji inayoitwa `gcc` nayo ni hivyohivyo, kimsingi ni viungo vya kuelekeza kwenye gcc-12. Dawa ni kuuliza faili ni ya nani:

`dpkg -S /usr/lib/gcc/x86_64-linux-gnu/12/cc1`

Jibu: cpp-12. Sikutegemea, mi nilidhani cc1 anakaa kwenye gcc-12. Kumbe yuko kwenye pakeji ya priprosesa (anayeandaa kodi kabla haijageuzwa), na cc1plus yuko g++-12. Basi:

`sudo apt install --reinstall cpp-12`

MB 10 hivi. `gcc -S t.c` tena:

`cc1: error while loading shared libraries: /lib/x86_64-linux-gnu/libmpfr.so.6: file too short`

(nimeifupisha, inaanza na njia nzima ya cc1). "Too short", fupi mno. Nikacheka peke yangu, saa nane usiku. libmpfr ni maktaba ya hesabu ambayo cc1 anaihitaji ili aamke, nayo ikawa sifuri. Na hapo nikakumbuka ile mistari ya ldconfig ya Jumamosi niliyoipuuza, nikafungua /var/log/apt/term.log na kweli imo, `is empty, not checked`, imeitaja libmpfr kwa jina. Siku ya kwanza kabisa. Mpaka hapo nimeshatumia usiku tatu na elfu sita.

Jumamosi 15 Machi: kusafisha yote kwa mkupuo

Kufukuza moja moja ni ujinga, kila ukiziba hapa panavuja pale. dpkg inatunza alama ya md5 ya kila faili ilizoweka, unaweza kuiambia ikague:

`sudo dpkg -V`

Bila jina inakagua mashine nzima, kwenye hadidiski yangu ilichukua muda wa kupika uji. Mistari inayoanza na `??5` ndo faili ambazo ndani yake hapafanani na ilivyoletwa. Ukiona herufi `c` katikati hiyo ni faili ya mipangilio, nyingi utakuwa umezibadilisha mwenyewe kwa hiyo usishtuke. Kwangu zilibaki 23 mbovu. Chache za libmpfr6 na jirani zake, nyingine zote libc6-dev, na kati ya hizo crt1.o ileile ya Jumanne.

Kwa kuhakikisha nikapitisha na hii:

`find /usr/lib/gcc /usr/lib/x86_64-linux-gnu /usr/include -type f -size 0`

Orodha zikafanana. Angalizo hapa, sio kila faili tupu ni mbovu, kuna pakeji zinaweka faili tupu kwa makusudi, kwa hiyo linganisha na dpkg -V kwanza usianze kufuta vitu.

Kilichonitisha zaidi kwenye orodha ni heda. Zilikuwepo heda kadhaa za libc6-dev ndani ya /usr/include zenye sifuri. crt1.o ikiwa tupu linka anapiga kelele na kuitaja jina, unajua pa kushika. Ila heda tupu kompaila anaifungua, anaikuta haina kitu, anaifunga anaendelea, halafu mistari mia nne mbele kwenye faili ya mtu mwingine kabisa anakwambia aina fulani haijulikani. Ningeziba crt1.o tu ningeangukia huko, na huko nisingetoka kabla ya Idi.

Basi nikakusanya wote wanaohusika hata ambao walionekana wazima, sikuwa na imani na mtu tena:

`sudo apt install --reinstall libc6-dev linux-libc-dev libgmp10 libmpfr6 libmpc3 libisl23 cpp-12 gcc-12 g++-12 libgcc-12-dev libstdc++-12-dev binutils binutils-x86-64-linux-gnu`

Bando la tatu, 3,000. Kisha `dpkg -V` tena, kimya. Skripti yangu ya hatua kwa hatua ikapita C na C++ zote, `./t` ikachapa "haya". Saa kumi kasoro jioni, na swaumu yake, nilitaka nipige vigelegele.

Sasa chanzo. Umeme kukata peke yake haitoshi kuleta hivi, dpkg kwa kawaida inahakikisha faili imeandikwa kwenye diski kweli (fsync) kabla ya kuipa jina lake la mwisho, kwa hiyo ukikatika katikati unapata kazi nusu lakini sio faili za sifuri. Nikaanza kujiuliza kwa nini kwangu haikufanya. Nikapekua /etc/dpkg/dpkg.cfg.d/ nikakuta kifaili kinaitwa `haraka`, ndani yake neno moja:

`force-unsafe-io`

Nimekiweka mimi. Januari, nilichoka apt kuwa polepole kwenye hii hadidiski, nikakuta mahali wanasema weka hivi itakimbia, na kweli ilikimbia. Kinachofanya ni kuiambia dpkg isisubiri diski. Na ext4, mfumo wa faili wa diski yangu, nayo haina haraka ya kuandika, data inaweza kukaa kwenye ramu nusu dakika hivi kabla haijashuka, wakati jina la faili limeshasajiliwa. Ext4 ina kinga yake pale faili mpya inapochukua nafasi ya faili ya zamani yenye jina lilelile, ila mimi nilikuwa nainstoli kwa mara ya kwanza, hakukuwa na ya zamani, kinga haikuhusika. Ndo maana zilizokufa ni zile tu zilizofunguliwa dakika ya mwisho kabla ya giza, libc6-dev mpaka cpp-12, na binutils (pakeji ya `as` na `ld`) waliotangulia kushuka walibaki wazima.

Na `dpkg --configure -a` haikunidanganya, ni mimi niliipa kazi isiyo yake. Yenyewe inamalizia usajili na skripti za kuinstoli tu, ndani ya faili haiangalii. Kwenye daftari lake pakeji zote zikaandikwa `ii`, nzima kabisa.

Kifaili cha haraka nimekifuta. apt imerudi kuwa konokono, sawa tu.

Jumapili 16 Machi: clang hatoki, na ramu

Nikidhani sasa ni mteremko. `cmake -B build`, ikapita yote bila kosa, ila naona imeandika Clang 14.0.6. Mi nataka gcc. Nikapiga `CC=gcc CXX=g++ cmake -B build`, bado Clang. Hii ni tabia ya cmake, kompaila wa kwanza uliyempa anaandikwa kwenye CMakeCache.txt na baada ya hapo ukibadilisha CC haisikii. Suluhisho ni kufuta folda:

`rm -rf build && cmake -B build`

Ikaandika GNU 12.2.0. Hata kama huna habari na clang, ukishatengeneza kompaila futa folda ya build uanze upya, usiende na mabaki ya wakati ule wa ugonjwa.

Halafu nikapiga `cmake --build build -j`, kama maelekezo yao yanavyosema. Asilimia arobaini na kitu mashine ikaganda, kipanya hakisogei, baada ya dakika tano:

`c++: fatal error: Killed signal terminated program cc1plus`

Moyo ukanidunda nikajua cc1plus kafa tena kama ndugu yake. Ila huyu hakufa, kauawa. `sudo dmesg | tail` inaonyesha "Out of memory: Killed process". Ile `-j` bila namba inaruhusu kazi bila kikomo, GB 4 za ramu na Firefox iko wazi na vichupo vyake, kernel ikachagua wa kumtoa kafara. Ukiona "Killed" angalia dmesg kwanza kabla hujaanza kuinstoli upya kitu chochote. Nikaongeza swapu, sehemu ya diski ya kusaidia ramu:

`sudo fallocate -l 4G /swapfile && sudo chmod 600 /swapfile && sudo mkswap /swapfile && sudo swapon /swapfile`

nikafunga Firefox, nikarudia na `-j2`. Nikaenda tarawehe, narudi imemaliza, build/bin/whisper-cli ipo.

Jumamosi 22 Machi: sauti ya kwanza

Modeli ya small ni MB 466, ndo nimeichagua, medium ni GB 1.5 na mashine hii itaizimia. `sh ./models/download-ggml-model.sh small`.

Rekodi za simu ni m4a, whisper inataka WAV ya 16 kHz:

`ffmpeg -i babu06.m4a -ar 16000 -ac 1 -c:a pcm_s16le babu06.wav`

Mara ya kwanza ikanitolea Kiingereza. Kiingereza cha ajabu, kama mtu anaota. Sikuwa nimeweka lugha, na usipoweka inachukulia ni Kiingereza. Ongeza `-l sw`.

Mara ya pili Kiswahili kikaja. Rekodi ya dakika kumi imechukua dakika kama thelathini na nane, kwa hiyo naziachia usiku moja baada ya nyingine. Ubora wa maneno ya kawaida ni mzuri kuliko nilivyotarajia, anayaunganisha vibaya hapa na pale ("nikamwambia" linakuwa maneno mawili). Maneno ya shambani ndo shida. "Manamba" inaandika kila namna mara "wana mamba", "nyapara" inabahatisha. Kuna swichi ya `--prompt`, unampa maneno ya kutegemea mapema:

`--prompt "mkonge, manamba, nyapara, korona, Muheza, Tanga"`

Imesaidia sana, manamba sasa inaipata mara nyingi.

Alhamisi 27 Machi: hesabu

Bando tatu za kompaila 9,000, ambazo moja tu ndo ilihitajika kweli. Modeli nimeidaunlodi kwa mtandao wa ofisini kwa shangazi, bure. Betri mpya ya laptopu 55,000 kwa fundi stendi, bodaboda kwenda na kurudi 2,000. Betri yenyewe inakaa saa moja na robo, inanitosha, sitaki kufanyia kazi juu yake, nataka tu umeme ukikata apt imalize inachoandika. Jumla 66,000 na usiku kama sita.

Rekodi zilizokamilika 14 kati ya 41. Nimesahihisha nne.

Kwa atakayefuata: nimejaribu pia kwenye mashine ya shangazi yenye Ubuntu 22.04, hatua ni zilezile, badilisha 12 iwe 11 kwenye majina ya pakeji.

Jumanne 1 Aprili: Idi pili, Muheza

Nimeenda kusalimia, nikabeba kurasa nne nilizochapisha stationari. Babu kavaa miwani kaanza kusoma, anasoma kwa sauti, anatikisa kichwa anakubali, majina ya manyapara yote sawa kasoro moja. Kafika ukurasa wa tatu akanyamaza. Akaniita, akaweka kidole kwenye mstari. Mi nilikuwa nimepitia ule ukurasa na sikuuona, mashine imeandika "mwaka huo nikapelekwa Corona miezi minane", C kubwa kabisa.

"Mjukuu wangu, mimi Corona hiyo ya kwenu niliugua lini? Hapa nasema korona, kule kwenye mashine ya kusaga mkonge."

Nimeitafuta "Corona" kwenye kurasa zote, ziko kumi na moja. Zinasahihishwa leo kwa sed, amri ya kutafuta na kubadilisha maneno.